Kuvua kwa Mshipi Ziwa Kivu: Mwongozo kwa Mkazi wa Goma

Anayetaka kuvua kwa mshipi hapa Goma huanza kwa kuuliza samaki wako wapi. Katika Ziwa Kivu jibu ni fupi: wako kando. Ziwa hili lina kina cha mita zipatazo 485, lakini sehemu kubwa ya kina hicho haina oksijeni na hakuna samaki anayeishi humo. Samaki wanaokamatwa kwa ndoana wanakaa karibu na ukingo, kwenye maji ambayo mtu aliyesimama nchi kavu anaweza kuyafikia kwa mwanzi na uzi.

Tatizo ni kwamba hatari kubwa za ziwa hili nazo ziko kando: mazuku (gesi ya sumu inayotoka ardhini), mawimbi ya ghafla, mito inayofurika, mawe yanayoteleza juu ya maji marefu. Kwa hiyo kuchagua mahali pa kuvua ni kuamua mambo mawili kwa pamoja: utapata nini, na utarudije nyumbani.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida anayetafuta kitoweo cha jioni au mapumziko ya Jumamosi. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa katikati ya ziwa, wenye mitumbwi, nyavu na taa wana elimu yao, na sehemu ya elimu hiyo tutaiazima.

1. Lifahamu ziwa kabla ya kununua ndoana

Uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Oksijeni hushuka hadi karibu mita 60 tu wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua huishia juu zaidi. Chini ya hapo maji ni mazito, yana chumvi nyingi, na yamebeba kaboni dioksaidi na methani kwa wingi usio wa kawaida. Uzito huo ndio unaoyazuia yasichanganyike na maji ya juu.

Kwa mvuvi wa mshipi, hali hiyo ina maana tatu:

1. Ukingo wenye mteremko mkali una samaki wachache wa chini. Hatua chache tu kutoka mawe, sakafu inapotea.
2. Ghuba yenye maji mafupi, tope na matete ni hazina, kwa sababu huko jua linafika chini, mimea inaota, na samaki wanapata chakula na mahali pa kuzalia.
3. Katikati ya ziwa ni makao ya sambaza, na sambaza havuliwi kwa ndoana. Samaki huyu aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959 kwa sababu maji ya wazi ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Huvuliwa usiku, taa ikivuta vijidudu, vijidudu vikimvuta yeye, na wavu ukimpandisha kutoka chini.

Msomaji aliyezoea picha za wavuvi kando ya vijito vya milimani atauliza vijito vyetu viko wapi. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo, na lava imejaa nyufa na matundu. Mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja ardhini, ndiyo maana mji wenye mvua nyingi hivi hauna mto unaotiririka mwaka mzima. Mito halisi unaanza kuikuta ukielekea Sake, milima ya Masisi, na kando ya barabara ya Minova na Kalehe.

> KISANDUKU: Je, trauti wapo?
>
> Trauti ni samaki wa maji baridi, ya chini ya nyuzi 20 hivi, yanayokimbia na yenye oksijeni nyingi. Maji ya juu ya Kivu huwa na nyuzi 23 hadi 25, kwa hiyo usipoteze siku ukimtafuta ziwani. Katika Afrika Mashariki, trauti waliletwa na wakoloni Kenya mwaka 1905 na kuwekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Leo wako katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya, na kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, huzalisha vifaranga vyao. Ukisafiri huko, ulizia kibali cha uvuvi na ada ya hifadhi kabla ya kutupa mshipi.

2. Samaki wanne wa kuwatafuta

Tilapia. Huyu ndiye wa sufuria. Hupenda ghuba tulivu zenye mchanga au tope na mimea. Dume huchimba kiota cha mviringo kwenye maji mafupi. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni. Anakula mnyoo, donge la unga na majani laini ya majini.

Samaki wadogo wa mawe. Ni wa jamii ya haplokromisi, wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa Kivu. Hukaa kati ya mawe ya lava, huuma haraka, na wanafaa sana kwa mtoto anayejifunza. Chukua wachache, wengine warudishe.

Kambale. Anapenda tope, matete na giza. Anauma zaidi jioni na usiku, au baada ya mvua maji yakichafuka. Mapezi yake ya kifuani yana miiba migumu.

Barbo. Mvua zikianza, samaki huyu huelekea midomo ya mito ili apande kutaga. Ndiye anayemkaribia trauti kwa tabia, maana anapenda maji yanayokimbia. Ana nguvu, na atakata uzi mwembamba.

3. Namna ya kusoma mahali

Usiketi pale ulipofika kwanza. Tembea ukingoni polepole, ukitazama kwa mpangilio huu:

1. Tazama ardhi. Je, ulipo ni juu na wazi, au ni shimo, bonde dogo, ufa kati ya kuta za lava? Shimoni usiingie. Sababu iko sehemu ya 5.
2. Tazama mimea na wanyama wadogo. Majani yaliyokauka bila sababu, ndege, panya au mijusi waliokufa wakiwa wazima wa mwili: ondoka.
3. Tazama rangi ya maji. Kijani chepesi au kahawia karibu na ukingo ni maji mafupi. Buluu nzito inayoanzia kwenye jiwe ulilosimama ni kina. Ukiteleza hapo hutagusa chini.
4. Tafuta mpaka. Samaki hukaa mahali vitu viwili vinapokutana: matete na maji wazi, mawe na mchanga, maji machafu ya mto na maji safi ya ziwa, kivuli na jua. Tupa ndoana kwenye mpaka huo.
5. Tafuta njia ya kutokea. Kabla ya kufungua mfuko, jionyeshe kwa kidole utakapopita mvua ikija ghafla.
6. Uliza mwenyeji. Mama anayefua nguo hapo kila siku anajua zaidi ya ramani.

4. Maeneo, kutoka mjini kwenda mbali

Ukingo wa mji: Himbi na Keshero. Mawe ya lava yanaingia majini na samaki wadogo wa mawe ni wengi. Sehemu kubwa ya ukingo imeshikwa na viwanja vya watu na hoteli, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Mawe yake yana makali na mashimo, vaa viatu vilivyofungwa. Magharibi ya mji, Keshero ikiwemo, ni nchi ya mazuku.

Kituku, bandari ya mitumbwi na boti. Hapa nenda kujifunza na kununua, usiende kuvua. Mitumbwi na boti za abiria hazipumziki, na uchafu ni mwingi. Lakini asubuhi, sambaza wakishushwa, utakutana na watu wanaojua ziwa kuliko yeyote. Msalimie mkubwa wao kwa heshima: “Jambo papa, habari ya kazi? Ziwa limeamkaje?” Swali hilo la mwisho litakupa habari za upepo, mwezi, na mahali ambapo mtu hapaswi kwenda wiki hiyo.

Nzulo. Rasi na vighuba vyake, upande wa Sake, vina maji mafupi zaidi kuliko ukingo wa mji, na hapo tilapia ana nafasi. Eneo hili limewahi kuwa uwanja wa vita. Fuata njia zinazotumiwa na wakazi, usikate porini.

Ghuba ya Kabuno, kati ya Sake na Minova. Ghuba hii karibu imetengwa na ziwa kuu kwa kizingiti cha chini ya maji. Oksijeni yake inaishia kwenye mita kumi na kitu tu, na chini yake kuna kaboni dioksaidi nyingi. Samaki wamebanwa juu, kwa hiyo usishushe ndoana mbali: mita moja hadi nne zinatosha. Usiogelee, usizame kufuata ndoana iliyonasa.

Minova, Kalehe na Idjwi. Ghuba nyingi, matete mengi, midomo ya mito. Ni Kivu ya Kusini, safari ya boti au ya barabara, na inahitaji siku nzima. Kwa tilapia na barbo, hakuna mahali pazuri zaidi kaskazini mwa ziwa, mradi hali ya hewa na ya usalama vinaruhusu.

Maziwa ya Mokoto, Masisi. Haya ndiyo maziwa yetu ya milimani hasa. Usifunge safari kabla mtu anayeishi huko, siyo aliyesikia, hajakuambia kwamba njia ni salama.

Ziwa Edward: Vitshumbi na vijiji vingine vya wavuvi. Upande wake wa Kongo uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Uvuvi wake una vibali, idadi ya mitumbwi, na maeneo ya mazalio yaliyofungwa. Kuvua katika mito ya hifadhi bila ruhusa ya ICCN, taasisi inayoisimamia, ni kosa. Mtu wa kujifurahisha asijaribu bahati huko.

5. Hatari nne na namna ya kuziepuka

Mazuku. Ni kaboni dioksaidi inayotoka ardhini katika nyufa za volkeno, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inajikusanya mashimoni kama maji kwenye bakuli. Usiku, baridi na utulivu vinaiacha ijae. Jua likipanda na upepo ukianza, inatawanyika. Mtu mzima akisimama anaweza kupona pale ambapo mtoto, au mtu aliyeketi, anakufa.

Hapa ndipo Goma inapotofautiana na mwongozo wowote wa uvuvi ulioandikwa kwingine. Kote duniani mvuvi huambiwa awahi kabla ya jua kuchomoza. Kwetu, alfajiri ndiyo saa ambayo mashimo yamejaa gesi. Fuata kanuni hizi:

1. Magharibi ya mji, usishuke ukingoni kabla jua halijapanda vizuri na upepo haujaanza kutikisa majani.
2. Keti mahali palipoinuka, usoni pa upepo. Usilale chini hata kwa dakika tano.
3. Usiyapime mazuku kwa mshumaa au kiberiti. Kiasi cha gesi kinachozima moto tayari kinatosha kumwangusha mtu.
4. Ukisikia kichwa kinauma ghafla, pumzi zinakwenda mbio au miguu inalegea, panda juu mara moja, acha vifaa.
5. Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Piga kelele, mtupie kamba, ita watu. Familia nzima zimekufa hivi, mmoja akimfuata mwingine.

Mito inayofurika. Mdomo wa mto ni mahali pazuri na ni mtego. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilifurisha mito ya Kalehe, na katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi walikufa watu zaidi ya 400. Jua laweza kuwaka ulipo huku mvua ikinyesha mlimani. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakianza kubeba majani na vijiti, au ukisikia mngurumo juu ya bonde, kimbilia kilimani. Usikimbie kufuata mto.

Mawimbi na boti. Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki hulipiga ziwa kwa urefu wake na mawimbi hufikia upande wetu wa kaskazini, hasa mchana. Wakati wa mvua hofia radi: ukiisikia, ondoa mwanzi mrefu mkononi na toka majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya abiria iliyotoka Minova ilizama ikikaribia Kituku, na watu wengi wakafa. Ukipanda chombo chochote, vaa koti la kuelea, lile linaloitwa jile bandarini, tangu nchi kavu. Liwe la ukubwa wako na limefungwa. Chombo kikijaa, kiache kiende.

Mabaki ya vita na usiku. Kuanzia Sake hadi viungani mwa Goma kuna maeneo ambako mabomu na risasi zimebaki ardhini. Chuma usichokijua usikiguse, usikipige teke. Weka alama mbali nacho na mwambie mkuu wa mtaa. Uliza kila wiki kuhusu saa za kutembea na maeneo yaliyofungwa. Mpaka wa Rwanda majini hauna ukuta, kwa hiyo upande wa mashariki kaa mbali nao. Kambale wa usiku waachie wenye ruhusa na uzoefu.

6. Vifaa vya mkononi

Huhitaji kununua mwanzi wa dukani. Utahitaji:

- Mwanzi au ufito mkavu wa mita tatu hadi nne, mwepesi, unaopinda bila kuvunjika.
- Mshipi wa nailoni: milimita 0.20 hadi 0.25 kwa tilapia, 0.35 au zaidi kwa kambale na barbo.
- Ndoana: namba 12 hadi 16 kwa samaki wa mawe, 6 hadi 10 kwa tilapia, 1 au 2 kwa kambale. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo.
- Boya: kipande cha kandambili kuukuu au kizibo.
- Chubwi: nati ndogo ya chuma au jiwe dogo lililofungwa.
- Kikapu au mfuko wa wavu wa kutunzia samaki majini.
- Kisu, kitambaa, kamba ya mita kumi, maji ya kunywa, sabuni.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani. Kipindupindu kinarudi Goma mara kwa mara, na maji ya ziwa yasiyotiwa klorini ni moja ya njia zake. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

7. Kuvua tilapia hatua kwa hatua

1. Andaa chambo jioni. Chimba minyoo penye mbolea au kando ya bustani, iweke kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu na matundu. Au kanda unga wa mahindi na wa muhogo kwa maji kidogo ya moto hadi donge lishikamane.
2. Funga mshipi kwenye ncha ya mwanzi, urefu ukaribiane na wa mwanzi wenyewe.
3. Weka boya, kisha chubwi, kisha ndoana. Chubwi ikae sentimita 20 juu ya ndoana, na uzito wake uache nusu tu ya boya juu ya maji. Boya likielea lote, samaki atahisi mzigo na kutema.
4. Pima kina. Shusha bila chambo. Boya likilala, chubwi imegusa chini. Punguza mpaka lisimame, kisha punguza tena. Ndoana ining’inie shubiri moja juu ya sakafu.
5. Rushia chakula kidogo. Tupa pumba au makombo ya unga kiasi cha konzi mbili hapo utakapovua. Ukizidisha, watashiba.
6. Vika chambo kifiche ndoana, ncha ibaki huru kidogo.
7. Tulia. Usitupie kivuli chako kwenye maji, usigonge mawe kwa miguu. Tilapia husikia mtikisiko kabla hajakuona.
8. Soma boya. Likitetemeka, anaonja, ngoja. Likitembea kando au kuzama polepole, inua mwanzi kwa mkono laini, kiasi cha kukaza mshipi.
9. Mlete polepole kuelekea maji wazi, mbali na matete. Usimwinue kwa mshipi akiwa mkubwa, mteremshe kikapuni.
10. Mtazame mdomoni. Ukikuta mayai au watoto, mrudishe hapo hapo. Umeshika mama na kizazi chake chote.

Saa nzuri ni asubuhi jua likishapanda hadi saa nne, na tena kuanzia saa tisa mpaka kabla ya giza, upepo ukiwa umepungua.

Kwa kambale, toa boya, acha chubwi ilale chini, na vika kipande cha sambaza au mnyoo mnene. Ukimpata, mshike nyuma ya kichwa kwa kitambaa, vidole vikiwa nyuma ya ile miiba.

8. Makosa ya kawaida

- Kutupa mbali. Wengi hupitisha chambo juu ya samaki na kukishusha kwenye maji matupu. Anza karibu na miguu yako, kisha songa mbele.
- Ndoana kubwa. Mdomo wa tilapia ni mdogo. Ndoana ya kambale itakulisha njaa.
- Kuvuta kwa nguvu mara tu boya linapotikisika.
- Kuhama hama. Mahali pema pape robo saa tatu kabla ya kupaacha.
- Kwenda peke yako. Hakuna samaki anayefidia kukosa mtu wa kuita msaada.
- Kuyaamini mawe yenye maji. Lava yenye mwani huteleza kuliko sabuni.
- Kutumia chandarua cha mbu. Kinazoa vifaranga vyote, na dawa iliyomo inaingia majini. Mwenye kuvua hivi anakula sufuria ya mwaka ujao.

9. Kutoka ndoanani hadi mezani

Samaki huharibika haraka, na barafu si ya kila mtu. Kwa hiyo:

1. Waache hai kwenye kikapu ndani ya maji mpaka dakika ya kuondoka.
2. Ukiondoka, waue upesi kwa pigo moja kichwani, toa utumbo na matamvua, osha tumbo.
3. Wafunike kwa majani mabichi au kitambaa chenye maji, kivulini. Usiwafunge kwenye mfuko wa plastiki.
4. Utumbo uzike mbali na maji wanayochota watu.
5. Wapike siku hiyohiyo, au wabanike kwa moto wa polepole wakae hadi kesho. Tilapia wa ziwa na sombe na bugali havihitaji utetezi.

Ukirudi nyumbani kapu likiwa tupu, pitia Kituku ununue sambaza. Fedha yako itabaki kwa mama muuzaji na kwa wavuvi walioteseka usiku kucha.

10. Haki za ziwa

Uliza ofisi ya uvuvi ya jimbo na kamati ya wavuvi wa mahali kuhusu kibali na maeneo yaliyofungwa. Hata pasipokuwa na wa kukukagua, shika haya:

- Samaki mdogo kuliko kiganja chako, bila kuhesabu mkia, arudi majini.
- Ukiona viota vya mviringo kwenye mchanga, usivikanyage na usivue juu yake.
- Chukua cha kutosha jikoni kwako, kisha kunja mshipi.
- Usitumie sumu wala baruti, na usimfiche anayetumia.
- Nailoni iliyokatika rudi nayo. Inanasa ndege na miguu ya watoto kwa miaka.
- Usihamishe samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine. Mgeni mmoja anaweza kubadilisha ziwa zima, na sambaza ni ushahidi.

> ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTOKA
>
> ☐ Nimeuliza hali ya usalama ya leo, siyo ya wiki iliyopita.
> ☐ Nimemwambia mtu nyumbani ninakokwenda na saa ya kurudi.
> ☐ Nina mwenzangu.
> ☐ Simu ina chaji na salio.
> ☐ Viatu vilivyofungwa, kamba, koti la kuelea kama nitapanda chombo.
> ☐ Maji ya kunywa na sabuni.
> ☐ Mwanzi, mshipi, ndoana za ziada, boya, chubwi, chambo.
> ☐ Jua limepanda, upepo umeanza.
> ☐ Nimejua mashimo ya mazuku ya eneo hilo kutoka kwa mwenyeji.
> ☐ Mlimani hakuna mvua.

Ndugu msomaji, Ziwa Kivu halina mamba wa kukuwinda. Mengi yanayoua kandokando yake yanaepukika kwa mtu anayeuliza kabla ya kushuka na anayekubali kurudi mikono mitupu. Mfundishe mtoto wako kuvua, lakini mfundishe kwanza mashimo yako wapi, kisha samaki mdogo anarudishwaje majini. Mengine yote atayajua akiwa ameketi juu ya jiwe kavu, karibu yako.